Waliokuja Kutazama Ufa

Watu waliompenda baba yangu walikuwa wengi, na mimi sikumpenda hata mmoja wao. Nalisema hili mapema ili asiyetaka kusikia ubaya wa watu wenye heshima aende zake. Walikuwa watu safi, mashati yamepigwa pasi, wanaojua kutamka "haki" na "wananchi" bila kuona haya. Jumapili baada ya misa walijaa sebuleni kwetu, upande wa Musonoi, mtaa wa mgodini hapa Kolwezi, wakala bukari, ule ugali wa mama yangu, na samaki wake, wakamwambia baba kwamba nchi hii ikipata watu kumi kama yeye itapona. Mama alikuwa uani anaosha sahani zao. Sijui hao kumi wangeoshewa sahani na nani.

Baba alikuwa mwalimu wa falsafa mpaka alipoandika makala juu ya mkubwa mmoja aliyegawa viwanja vya shule kwa jamaa zake. Alifukuzwa, akaitwa polisi, akarudi na jicho lililovimba. Tangu siku hiyo hakufundisha tena, aliandika tu. Aliandika kwa Kiswahili wakati wenzake wote wenye digrii wanaandika Kifaransa, na hilo peke yake lilitosha kumpendeza mtu wa soko. Hakuna gazeti lililokubali kuchapisha maandishi yake. Makala zake zilitolewa fotokopi, zikapelekwa mjini kwa muuza magazeti wa karibu na soko, mahali ambapo kila asubuhi wanasimama wanaume tunaowaita wabunge wa kusimama. Hao hawanunui gazeti. Wanalisoma likiwa limetandazwa chini, mikono mgongoni, kisha wanabishana mpaka jua liwafukuze. Makala ya baba ikifika, mmoja aliisoma kwa sauti na wengine walinyamaza, na wabunge wale hawanyamazi kwa mtu yeyote.

Sitamsingizia baba yangu: aliandika vizuri. Kuna makala yake juu ya lori la maji linalomwagilia barabara ya mgodi asubuhi ili vumbi lisipande, huku akina mama wakikimbia nyuma yake na ndoo kukinga matone. Aliandika kwamba katika mji wetu barabara inakunywa kabla ya watu. Nilipoisoma mara ya kwanza nililia, na mimi si mtu wa kulia. Nilikuwa nimeachwa na mume, nimerudi kwa wazazi, nafundisha darasa la tatu mjini, na nilijivuna mbele ya walimu wenzangu kwamba natoka katika nyumba ile. Mengine yake nayajua kwa moyo hadi leo, hata yale ninayoyachukia.

Mgodi wakati huo ulikuwa unatufuata. Tulipokuwa watoto shimo lilikuwa mbali, tulikwenda kulitazama kama watu wanaokwenda kutazama ziwa. Sasa king'ora kikilia mchana, mama alitoa vikombe kabatini akavipanga sakafuni, akangoja. Ardhi ilishtuka, vumbi likashuka kutoka darini, naye akavirudisha vikombe mahali pake na kuendelea na kazi. Majirani walianza kuhama. Ndipo ufa ulipotokea katika ukuta wa chumba cha kulala, kuanzia kona ya dirisha kwenda juu, mwembamba kama uzi.

Mama aliuziba. Alikwenda kuchimba udongo wa kichuguu, ule mgumu tunaojengea, akauponda, akaukanda kwa maji na kuupaka kwa kiganja, akalainisha kwa kitambaa. Mlipuko mwingine ukaufungua. Akauziba tena. Hakulalamika, ila nilimwona akipima upana wake kwa kidole. Kwanza ukucha uliingia, baadaye kidole kizima.

Baba naye aliutazama ufa ule, lakini kwa namna yake. Aliketi kitandani akiutazama asubuhi nzima, kisha akaandika makala. Nadhani ndiyo bora kuliko zote alizoandika. Ilisema kwamba ufa ule haukuwa wa ukuta wetu bali wa nchi nzima, kwamba wenye nchi wanapigwa chini ya miguu halafu wanaambiwa ni wao waliojenga vibaya. Ilisema kwamba sisi hatutahama, kwa sababu mtu anayehama anakubali kwamba hapakuwa pake. Kwa muuza magazeti waliisoma wiki nzima. Iliingia kwenye simu, ikafika Likasi na Lubumbashi, na watu wasiotujua waliituma kwa watu wengine wasiotujua.

Kisha wakaanza kuja kuutazama ufa wenyewe.

Walikuja na jamaa zao. Waliingia chumba ambamo mama alilala, mahali ambapo hata kaka zangu hawakuingia bila kubisha, wakasimama mbele ya kitanda chake na kupiga picha. Wengine walitia mkono katika ufa kama watu wanaogusa sanamu ya mtakatifu. Mkubwa wao alikuwa mtu wa forodha, anayeshughulikia hati za malori yanayobeba shaba kwenda mpaka wa Zambia. Alikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma mjini, ukuta wa uani na mlinzi wa getini. Yeye ndiye aliyegharamia fotokopi zote. Alikula kwa shaba mchana, na Jumapili alikuja kwetu kuichukia, na sijawahi kuona mtu aliyelala usingizi mzuri kuliko yeye.

Siku moja alimkuta mama amepiga magoti kitandani, mikono imejaa udongo, anaziba.

"Mama," akamwambia kwa adabu kubwa, "tunakuomba, usizibe. Hii njo preuve, ushahidi yetu. Ukiziba, batasema Prof alidanganya."

Mama alimtazama baba. Baba alikuwa mlangoni. Angeweza kusema neno moja tu, lolote, hata la mzaha. Alirekebisha miwani yake. Mama akashuka kitandani, akaenda kuosha mikono, na tangu siku ile ufa uliachwa wazi kwa ajili ya wageni. Upepo wa baridi uliingia nao.

Kampuni ya mgodi ilikuwa imejenga nyumba nje ya mji kwa ajili ya watu wa mtaa wetu. Kila familia iliyotia sahihi kukubali kuhama ilipewa yake. Hazikuwa nzuri, zilikuwa ndogo, zote za sura moja, juu ya ardhi isiyo na mti. Mama aliniomba nimsindikize kuzitazama, bila baba kujua. Tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Fundi alitufungulia nyumba iliyokuwa tupu. Mama hakutazama madirisha wala bati. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba, akaweka viganja vyote viwili juu yake, akakaa hivyo kwa muda, hadi nikaona aibu mbele ya fundi. Halafu akatoka nyuma, akanionyesha kwa mguu mahali pa kupanda lengalenga, mchicha wetu, na mahali pa kuanika nguo. Alizungumza sana njiani tuliporudi, yeye ambaye kwa kawaida alijibu tu.

Wiki hiyohiyo mlipuko uliangusha tofali. Lilitoka juu ya ufa na kutua kwenye mto wake. Ilikuwa mchana, hapakuwa na mtu kitandani. Mama aliliokota, akaliweka mezani mbele ya baba, juu ya karatasi zake.

"Tata," alisema, kama alivyomwita baba siku zote, "mi nachoka kulala na macho wazi. Tuhame."

Baba alilitazama tofali. Kisha akasema sawa. Alisema Jumatatu atakwenda kutia sahihi. Nilimsikia kwa masikio yangu, na nilimpenda baba yangu jioni ile kuliko nilivyompenda kwa makala zake zote. Mama alianza kufunga vyombo katika magazeti.

Sijui nani alipeleka habari. Jumapili walikuja wengi kuliko kawaida, na hawakutaka kula, jambo ambalo kwetu ni tusi. Walikaa. Mtu wa forodha alikuwa na fotokopi ya makala ya ufa, mpya kabisa, bado ina harufu ya mashine. Hakumkaripia baba. Afadhali angemkaripia, maana baba alijua kugombana.

"Prof," alisema, "tulisikia maneno ku mji. Siye hatuko watu ya kukuhukumu. Tulikuja tu kukuomba kitu moja. Utusomee ile ya ufa, weye mwenyewe na sauti yako. Kisha tutaenda."

Baba alikataa mara moja, kwa unyonge. Wakamtazama tu. Akaichukua karatasi.

Alianza kwa sauti ya mtu anayesoma bei za dukani. Kufika katikati ya ukurasa wa kwanza mgongo wake ulinyooka. Kwenye ule mstari wa watu wanaopigwa chini ya miguu, sauti ilirudi, ile sauti ya darasani ambayo wanafunzi wake wa zamani bado wanaiigiza, na nikaona anasahau kwamba sisi tupo. Alikuwa anasikiliza. Alikuwa anajisikiliza na anakubaliana na kila neno. Wanaume wazima walikuwa wanalia. Mtu wa forodha alijifuta kwa leso nyeupe. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, na mimi nilikuwa namtazama yeye, kwa sababu nilijua tayari.

Alipomaliza, mtu wa forodha alikunja leso yake.

"Sasa, Prof, mutu mwenye aliandika hii anaweza kutia sinyatire kesho?"

"Hapana," akasema baba. "Haiwezekani."

Alisema kwa furaha. Hilo ndilo sijamsamehe. Angesema kwa huzuni ningetafuta namna. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeponea ajali. Mama aliwamiminia chai wote, akianza na mgeni mkubwa kama inavyopasa, akawapitishia sukari. Walipoondoka alikusanya vikombe na kuniambia bila kunitazama:

"Banalia juu ya ukuta yangu. Na bote banarudia kulala kwabo."

Jioni hiyo alitoa godoro lake chumbani, akalibeba kichwani na kulitandika katika jiko la nje, ambalo lilikuwa tofali pande tatu na gunia upande wa nne. Hakugombana. Alisema tu kwamba chumba kile ni cha wageni. Orodha ya nyumba mpya ikafungwa, na ile aliyoigusa ukuta ikapewa watu wengine.

Asiyejua baridi ya Kolwezi mwezi wa Juni na wa Julai asijifanye anaijua. Mama alilala na mbabula, jiko dogo la makaa, miguuni, akavuta moshi. Akiiondoa, akavuta vumbi la mgodi na baridi. Alianza kukohoa. Nilimtaka aende Fungurume kwa mdogo wake, anayeuza vitenge sokoni na ana chumba cha ziada. Alikubali, hata akafunga nguo. Baba alinifuata uani. Hakupandisha sauti; baba yangu hakuwa mtu wa kupandisha sauti nyumbani.

"Mama akienda, batasema nini? Batasema Prof anaondosha bibi yake, na anaambia bengine babakie. Angojee kiloko, siku kidogo tu. Baridi itaisha."

Nilimwambia kwamba yeye ni mtu mbaya. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo, na alinitazama kwa mshangao wa kweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia, wala polisi. Mama alikuwa amesikia. Alifungua kifurushi chake, akarudisha nguo moja moja. Baridi iliisha kweli, mwezi wa Agosti, na yeye alikuwa hospitali anavuta pumzi kwa mabega. Alikufa mchana, wakati wa milipuko, mahali ambapo milipuko haisikiki.

Kilio kilifanyika nyumbani, mtaa ukiwa nusu tupu. Wasomaji wa baba walikuja wote na viti vya plastiki, wakakaa mstari wa mbele kumzunguka. Kwetu, mtu akifa na ana wajukuu, wajukuu hao, wa damu na wa ukoo, wana ruhusa ambayo hakuna mwingine anayo. Wanavaa nguo za marehemu, wanaiga mwendo wake, wanawataja waliomkosea, wanazuia jeneza mpaka wapewe kitu, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Bajukulu wa mama walikuwa wachache, lakini mmoja alitosha. Alikuwa binti wa binamu yangu, mwanamke mnene anayeuza makaa barabarani, mwenye mdomo unaoogopwa hata na madereva wa malori.

Alitoka chumbani amevaa kitenge cha mama, godoro kichwani, anakohoa. Alizunguka uani akitafuta pa kulala. Akajaribu chini ya meza ya vyakula, akajaribu kwenye mapaja ya padri. Watu walianza kucheka. Mjukuu mwenzake alikuwa amemnyang'anya baba miwani usoni na karatasi mkononi, amekaa juu ya ndoo, anaandika hewani sentensi isiyokwisha.

"Tata, ukuta inaanguka," alisema mwenye kitenge.

"Ngoja kwanza, niko namaliza fraze."

"Tata, kifua inaniuma."

"Kiloko tu, mama. Ni fraze ya muzuri."

"Tata, niko nakufa."

"Kufa polepole. Nabakisha konklizyo."

Uani kote watu walicheka hadi wanashikana. Mimi nilicheka nikaishia kulia, na nikaona baridi ya miezi ile inanitoka mwilini, maana hatimaye kuna mtu aliyesema. Na wale wa mbele, wa viti vya plastiki? Walipiga makofi. Wengi wao si wa huku kwetu, wametoka mikoa mingine kutafuta kazi ya mgodi, na desturi hii hawaijui. Waliona miwani, waliona karatasi, wakadhani baba anaheshimiwa. Mtu wa forodha alisimama na simu yake kurekodi. Baadaye aliituma kwa watu wake na kuandika kwamba hata msibani wananchi wanaigiza kazi za Prof.

Basi yule wa kwenye ndoo, akipata moto, akaanza kuisoma makala ya ufa. Naye aliijua kwa moyo, kama sisi sote. Aliisoma kwa sauti ya baba, akivuta maneno, akinyanyua kidole, na kila alipopumua mwenzake alikohoa katikati ya sentensi. Kicheko kilikuwa kimepungua. Wanawake wazee walikuwa wameinamisha vichwa. Wote tulimtazama baba sasa, kwa sababu mahali hapa ndipo mtu anapocheka, au analia, au anatoa kitu mfukoni na kuomba waache. Lolote kati ya hayo lingetosha. Mama angekuwa ameombwa radhi mbele ya watu, na sisi tungeweza kuzika.

Baba alinyanyua mkono. Macho yake bila miwani yalikuwa madogo.

"Uliruka paragrafe moja," alisema.

Na akaisema yeye. Yote, ile ya mtu anayehama anakubali kwamba hapakuwa pake. Aliisema vizuri, bila kukwama, kwa sauti ile ya darasani, jeneza la mama likiwa nyuma ya pazia. Wasomaji wake walifuata kwa midomo. Mjukuu alishuka kwenye ndoo, akampa miwani mkononi. Mwenye kitenge cha mama alikivua, akakikunja na kwenda kukaa na wanawake wengine. Hawakuzuia jeneza wala kudai chochote.

Haukupita mwezi mtu wa forodha akaja na gari lake la mizigo na vijana wa kubeba. Alikuwa amemwandalia baba nyumba ndogo nyuma ya nyumba yake mjini, yenye meza, taa na umeme wa uhakika. Wasomaji wote walikubaliana, alinieleza, walifanya mkutano. Walibeba vitabu kwanza, kisha karatasi, kisha kiti cha baba. Vyombo vya mama bado vilikuwa vimefungwa katika magazeti, na waliviacha kwa sababu gari lilijaa. Nilisimama mlangoni nikamuuliza mtu wa forodha kwa nini sasa.

Alinishika bega. Alikuwa na huruma ya kweli, hilo sitamnyima.

"Dada, hatuwezi kumuacha Prof humu. Angalia ile ukuta. Hii nyumba itaua mutu."

Baba alikuwa anatoka na furushi la mwisho la karatasi kifuani. Alisimama kando yake, akageuka kuutazama ukuta kupitia mlango ulio wazi.

"Ni kweli," akasema. "Itaua mutu."

Akapanda gari, akakaa mbele.